Mtumwa Kilema Aliyefundisha Utulivu wa Moyo

Ndugu msomaji, sema kweli: ni jambo gani lililokunyima usingizi juzi? Labda ni mvua iliyokawia. Labda ni ada ya shule, au kesi ya mpaka wa shamba, au maneno aliyoyasema jirani kisimani, nawe ukayapata kwa mtu wa tatu. Mwili umelala kitandani, lakini moyo unatembea. Unakwenda shambani, unarudi. Unakwenda barazani, unajibizana na watu wasiokuwapo. Jogoo anawika, nawe umechoka kuliko ulivyolala. Na mvua, je, imenyesha kwa sababu wewe ulikesha? La. Neno la jirani, je, limerudi kinywani mwake? La, hata kidogo.

Mashaka ya namna hii si mageni. Watu wa kale waliyajua kama sisi tunavyoyajua. Mmoja wao alikuwa mtumwa, tena kilema wa mguu, asiye na mali wala jamaa. Mtu huyu alifikiri sana, akapata fundisho moja jepesi kulikariri, zito kulitenda; nalo limewatuliza wafalme, wafungwa na wagonjwa kwa muda wa miaka 1,900 hivi. Leo twataka kulitazama fundisho hilo pamoja nanyi, baba na mama wa nyumba, nanyi vijana pia. Tuone kama lafaa kijijini kwetu, tena tuone mahali lilipopungukiwa.

MTUMWA WA HIERAPOLIS

Mtu huyo aliitwa Epictetus. Alizaliwa karibu na mwaka 50 baada ya Kristo katika mji wa Hierapolis, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Wasikilizaji wa barua za Mtume Paulo wamepata kuusikia mji huo, maana umetajwa mwishoni mwa Barua kwa Wakolosai. Jina lake lenyewe lilionyesha hali yake: kwa Kigiriki maana yake ni “aliyepatikana”, kama watu wanavyosema juu ya mali waliyoichuma.

Huko Roma alikuwa mtumwa wa mtu aitwaye Epaphroditus. Huyu naye zamani alikuwa mtumwa, akapewa uhuru, akapanda cheo hata akawa karani wa Kaisari Nero, yule aliyewatesa Wakristo wa Roma. Juu ya kilema cha Epictetus kuna masimulizi mawili. Wengine wamesema ni ugonjwa wa viungo. Wengine wamesimulia kwamba bwana wake alimpotoa mguu kwa ukatili. Mtumwa akamwonya kwa upole kwamba utavunjika, na ulipovunjika hakulia wala hakutukana, ila alimkumbusha tu kwamba alikwisha kumwambia. Masimulizi haya ya pili yamehifadhiwa katika kitabu cha Origen, mwalimu mashuhuri wa Kikristo wa karne ya 3.

Bwana wake alimpa ruhusa kwenda kujifunza kwa mwalimu Musonius Rufus. Baadaye alipata uhuru, akaanza kufundisha Roma. Lakini Kaisari Domitian, aliyetawala tangu mwaka 81 hata 96, aliwafukuza wenye hekima wote mjini. Basi Epictetus akachukua fimbo yake, akaenda Nicopolis, magharibi ya Ugiriki, akafungua shule. Vijana wa watu wakubwa walisafiri mbali kwenda kumsikiliza huyo aliyekuwa mtumwa.

Nyumbani mwake hamkuwa na kitu cha kutamaniwa. Siku moja mwizi alimwibia taa yake ya chuma. Hakufanya matata, aliwaambia wanafunzi wake kwamba atanunua taa ya udongo, na kwamba mwizi ndiye aliyepata hasara, maana kwa ajili ya taa amekubali kuuza uaminifu wake. Na uzeeni alimchukua mtoto mchanga wa rafiki yake, aliyekuwa karibu kutupwa kwa sababu ya umaskini, akamlea kama wake.

Hakuandika kitabu hata kimoja. Mwanafunzi wake aitwaye Arrian ndiye aliyeyaandika mafundisho yake, kisha akayafupisha katika kitabu kidogo cha kuchukuliwa mkononi. Kitabu hicho kingali chasomwa mpaka leo.

WASTOIKO NI WATU GANI?

Epictetus alikuwa mmoja wa wale walioitwa Wastoiko. Wa kwanza wao alikuwa Zeno, mfanyabiashara wa kisiwa cha Kupro. Wanasimulia kwamba jahazi lake lilivunjika, bidhaa zote zikazama, naye akafika Athene bila kitu. Huko akaanza kutafuta mali isiyoweza kuzama. Karibu na mwaka 300 kabla ya Kristo alikuwa akifundisha katika ukumbi wa wazi karibu na soko la mji, na ukumbi wa namna ile Wagiriki waliuita “stoa”. Ndipo jina la Wastoiko lilipotoka.

Nao si wageni katika Biblia. Fungua Matendo ya Mitume, sura ya 17: Wastoiko ni miongoni mwa watu waliojadiliana na Mtume Paulo huko Athene. Na katika sura ya 18 utamkuta Galio, liwali aliyekataa kuisikiliza kesi waliyomletea Paulo kule Korinto. Galio huyo alikuwa ndugu yake Seneca, Mstoiko mashuhuri wa Roma. Basi watu hawa na Wakristo wa kwanza walikutana njia moja, soko moja na baraza moja.

MAFUNGU MAWILI

Mafundisho ya Epictetus yaanza na kugawa. Kama mama anavyopepeta mchele katika ungo, chuya upande huu na mchele upande huu, ndivyo alivyotaka tuyapepete mambo yote yanayotujia. Fungu la kwanza ni mambo yaliyo mikononi mwetu. Fungu la pili ni mambo yasiyo mikononi mwetu.

Yaliyo mikononi mwetu ni machache kuliko tunavyodhani: jinsi tunavyoliamua jambo moyoni, tunalolitaka na tunalolikataa, na tendo tunalokusudia kulitenda. Yasiyo mikononi mwetu ni mengi: mvua na jua, afya na umri wa mwili, bei ya mazao, cheo, sifa, moyo wa mtu mwingine, na jana iliyokwisha pita. Katika mambo haya twaweza kujitahidi, lakini neno la mwisho si letu.

Taabu ya binadamu, alifundisha, yatokea pale anapoyachanganya mafungu haya mawili. Lisilo lake analing’ang’ania kwa mikono miwili. Lililo lake analiacha lianguke.

Chukua mfano wa mkulima wa mahindi. Kutayarisha shamba mapema, kuchagua mbegu nzuri, kukinga udongo usichukuliwe na maji, kupalilia kwa wakati, kukausha nafaka vema na kuweka akiba ghalani: hayo ni yake. Mawingu si yake. Bei ya sokoni si yake. Mkulima anayeshinda kibarazani akihesabu mawingu na kulaani wachuuzi, huku magugu yanapanda juu ya mahindi, amepoteza mara mbili. Mawingu hayakumsikia, na magugu hayakumngoja.

Wastoiko walipenda pia mfano wa mpiga mshale. Achague mshale ulionyoka, aukaze upinde, atulize pumzi, alenge sawasawa. Hata hapo kazi ni yake. Mshale ukisha kuondoka, upepo waweza kuusukuma, na mnyama aweza kuruka kando. Mpiga mshale mwenye akili hujihukumu kwa kulenga kwake, wala si kwa nyama aliyoileta nyumbani. Akikosa, haendi kulia porini. Atazama kama alilenga vema, kisha achukua mshale mwingine.

SI KUKUNJA MIKONO

Hapa msomaji mmoja atasema: “Mbona hayo twayajua siku zote? Sisi husema, Shauri ya Mungu, yakaisha.”

Ngoja kidogo, ndugu. Yuko mtu asemaye “Shauri ya Mungu” baada ya kufanya yote aliyoyaweza. Huyo amesema vema, na moyo wake wastahili kupumzika. Lakini yuko mwingine asemaye maneno hayohayo kabla ya kufanya lolote. Paa linavuja tangu masika ya mwaka jana: shauri ya Mungu. Mtoto hakwenda shule wiki nzima: shauri ya Mungu. Fedha za kahawa zimekwisha kilabuni: shauri ya Mungu. Lo! Huyo anamsingizia Mwenyezi Mungu kazi yake mwenyewe. Amelichukua fungu la kwanza akalitupa katika la pili.

Ndiyo maana fundisho hili ni kama upanga wenye makali pande zote mbili. Upande mmoja wamfariji mwenye bidii: acha kujitesa kwa yale usiyoyaweza. Upande wa pili wamchoma mvivu: usijifiche nyuma ya yale usiyoyaweza, maana yako mengi unayoyaweza.

Tuone jambo lililo zito kuliko yote katika nyumba zetu, yaani mtoto mgonjwa. Homa imempata usiku. Kumpeleka zahanati siku ileile apimwe damu ni mikononi mwako. Kumpa dawa zote mpaka ziishe, hata kama homa imekwisha shuka, ni mikononi mwako. Kumlaza ndani ya chandarua ni mikononi mwako. Baada ya hayo uhai wake u mikononi mwa Mungu, na sala yako yapanda pamoja na kazi yako, haishiki mahali pa kazi.

Na ikiwa, Mungu apishe mbali, mtoto amefariki? Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Badala ya kulia na kufarijiana, waanza kuuliza: “Ni nani aliyemloga?” Swali hili latutoa katika msiba mmoja na kututia katika msiba wa pili. Limevunja ndoa, limetenga ndugu, limemaliza mbuzi na fedha za watu kwa waganga wa uongo. Tena vikongwe wasio na kosa wamepigwa, wamefukuzwa, hata wameuawa. Mtoto hakurudi. Lililokuwa mikononi mwetu siku ile lilikuwa kumzika kwa heshima, kumshika mama yake asianguke, na kuwalinda watoto waliobaki. Moyo unaojua mafungu mawili hautafuti mtu wa kumlipisha machozi yake.

NENO UNALOJIAMBIA

Epictetus alionyesha jambo jingine. Kati ya tukio na uchungu kipo kitu cha tatu, nacho ni neno tunalojiambia sisi wenyewe juu ya tukio hilo.

Tuseme wanawake wawili wamepita mbele ya mke wa mwenyekiti, naye hakuwaitikia salamu. Wa kwanza ajiambia: “Amenidharau kwa kuwa mimi maskini.” Siku nzima anachemka kama chungu, jioni anawagombeza watoto na ugali unaungua. Wa pili ajiambia: “Labda ana shida nyumbani, labda hakusikia.” Yeye apika, acheka, alala. Salamu ni moja, na kimya ni kimoja. Tofauti imetoka katika neno ambalo kila mmoja alijiambia njiani.

Je, neno lile la kwanza ni la kweli? Huenda ni la kweli, huenda si la kweli. Epictetus hakusema tujidanganye. Alisema tusilipokee upesi kana kwamba ni mjumbe wa serikali. Tulisimamishe mlangoni, tuliulize: Wewe ni nani, na umetoka wapi? Je, jambo hili ni langu au si langu? Mara nyingi mgeni huyo, akiulizwa hivyo, hupoa.

Katika miaka ya 1950 na 1960 matabibu wawili wa Marekani, Albert Ellis na Aaron Beck, kila mmoja kwa njia yake, walianza kuwasaidia watu wenye huzuni na hofu nyingi kwa kuwafundisha kuyachunguza maneno wanayojiambia. Wote wawili walikiri kwamba mzizi wa kazi yao uko kwa Wastoiko. Leo njia hiyo yatumika katika hospitali za nchi nyingi. Lakini tuseme wazi: mtu aliyelemewa na huzuni kwa majuma mengi, asiyelala wala kula, au anayewaza kujiua, asiachwe peke yake na mafundisho ya kitabu. Apelekwe kwa mganga wa hospitali, na jamaa wakae naye. Kutafuta msaada ni jambo lililo mikononi mwetu.

SUFURIA LENYE VISHIKIO VIWILI

Juu ya ugomvi wa ndugu, Epictetus alitoa mfano wa kitu chenye vishikio viwili: kimoja chaweza kubebwa, cha pili hakibebeki. Kila mama ajua habari ya sufuria lililo motoni. Ukilishika upande uliolambwa na moto, utaunguza mkono na kumwaga chakula. Ukilishika upande ule mwingine, utalifikisha mezani.

Ndugu yako amesogeza mpaka wa shamba. Kishikio kimoja ni hiki: “Amenidhulumu.” Kishikio cha pili ni hiki: “Huyu ni ndugu yangu, tumenyonya titi moja.” Yote mawili ni kweli. Lakini ukilishika jambo kwa kishikio cha kwanza tu, mwisho wake ni mapanga. Ukilishika kwa cha pili, utaweza kumwita, kuwaita wazee, kulipima shamba mbele ya mashahidi, na kama hapana budi kwenda baraza la ardhi, pasipo kupoteza shamba na ndugu kwa siku moja.

Angalieni vema: hatukusema mwachie shamba. Kudai haki yako kwa njia zilizo halali kumo katika fungu la kwanza. Utulivu si woga. Mwenye kudhulumiwa aliyetulia husema maneno machache, nayo husikiwa. Mwenye kuropoka hupoteza hata kesi aliyokuwa na haki ndani yake. Hasira, hasara.

MFUNGWA WA HANOI

Labda utasema kwamba mafundisho haya ni mazuri kwa watu waliokaa kivulini. Sikiliza basi habari za askari mmoja. James Stockdale alikuwa rubani wa ndege za vita za Marekani. Miaka michache kabla ya kwenda vitani alikuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Stanford, na mwalimu mmoja wa huko alimpa kile kitabu kidogo cha Epictetus. Alikisoma mara nyingi.

Tarehe 9 Septemba 1965 ndege yake ilipigwa juu ya Vietnam ya Kaskazini. Akashuka kwa mwavuli, akakamatwa, mguu wake ukavunjika vibaya. Alikaa kifungoni Hanoi zaidi ya miaka 7, mpaka Februari 1973. Katika muda huo alikaa miaka 4 hivi peke yake katika chumba, na miaka 2 hivi miguu yake ilikuwa katika pingu. Aliteswa mara nyingi. Na kama Epictetus, aliendelea kuchechemea mpaka kufa kwake mwaka 2005.

Baadaye alieleza jinsi kitabu kile kilivyomsaidia. Mwili wake haukuwa mikononi mwake. Walinzi wangeweza kuufanya wanavyotaka. Vyeo vyake havikuwa mikononi mwake. Asubuhi alikuwa mkubwa wa marubani, jioni alikuwa mfungwa. Lakini uaminifu kwa wenzake ulikuwa wake. Basi wafungwa walizungumza kwa kugonga ukuta kwa vidole, herufi moja moja. Naye aliona kwamba kilichowavunja watu zaidi hakikuwa maumivu, bali aibu: mtu alipokwisha kulazimishwa kwa mateso kusema asichotaka, alijiona ameoza. Kwa hiyo walizoea kuambiana kwa njia ya ukuta yaliyowapata, ili asiwepo anayebeba aibu yake peke yake.

Tena alisimulia jambo la ajabu. Waliokata tamaa upesi walikuwa wale waliojiwekea tarehe: tutatoka kabla ya Krismasi, tutatoka kabla ya Pasaka. Krismasi ikapita, Pasaka ikapita, mioyo ikapasuka. Yeye hakupoteza imani kwamba mwisho utakuwa mwema, lakini siku yenyewe aliiacha katika fungu la pili. Mama ambaye mumewe amekwenda kutafuta kazi mbali, au kijana anayengoja majibu ya kazi mwezi baada ya mwezi, ataelewa habari hii kuliko watu wengi.

WALIPOPUNGUKIWA

Sasa ni haki kusema mahali ambapo Wastoiko walipungukiwa. Na mfano mzuri ni mwanafunzi mkubwa wa mafundisho haya, Kaisari Marcus Aurelius, aliyetawala Roma tangu mwaka 161 hata 180. Huyu hakuwa mtumwa, alikuwa bwana wa dunia yote waliyoijua. Hata hivyo hakupata raha. Tauni iliwaua watu wake wengi, vita havikwisha mipakani, naye na mkewe walizaa watoto zaidi ya 10, wakazika wengi wao wangali wadogo. Usiku, katika hema za vita, alijiandikia mashauri ya kujituliza na kujikumbusha upole. Aliyempa maandiko ya Epictetus alikuwa mwalimu wake, Rusticus.

Lakini Rusticus huyo, alipokuwa mkuu wa mji wa Roma, ndiye aliyemhukumu Mtakatifu Yustino na wenzake wauawe, karibu na mwaka 165, kwa sababu walikataa kutoa sadaka kwa miungu. Na mwaka 177, wakati wa utawala wa Marcus Aurelius, Wakristo wa Lyon, katika nchi ya Ufaransa ya leo, waliteswa mbele ya makutano. Kumbe mtu aweza kutawala hasira yake, akalala usingizi mzuri, na asione udhalimu unaotendwa kwa jina lake! Utulivu ni mlango wa matendo mema. Si nyumba yenyewe.

Miongoni mwa wale mashahidi wa Lyon alikuwamo binti mtumwa, Blandina. Mwili wake ulikuwa dhaifu hata wenzake waliogopa kwamba atashindwa. Watesi wake walibadilishana zamu mpaka wakachoka wao, naye aliwatia moyo wenzake mpaka mwisho. Yeye naye alijua lililo lake na lisilo lake. Lakini hakujitegemea mwenyewe tu. Alimtegemea Mmoja aliyempenda, na aliwapenda waliokuwa pamoja naye.

Jambo la pili ni machozi. Wastoiko waliogopa huzuni mno. Walitaka mtu ajizoeze tangu mapema kukumbuka kwamba mke na mtoto ni wa kufa, ili msiba usimwangushe. Kukumbuka hivyo kwaweza kutufundisha kuwapenda watu wetu leo, wala tusingoje kesho. Lakini Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro. Kulia si kushindwa. Mwacheni mfiwa alie. Msimwambie ajikaze siku ya kwanza.

Hata hivyo Wakristo wa kale hawakukitupa kile kitabu kidogo. Wamonaki wa Mashariki walikinakili na kukirekebisha kwa matumizi yao, na katika nakala mojawapo, mahali palipotajwa Socrates, mwenye hekima wa Athene, waliandika jina la Paulo. Walichukua mchele, wakaacha chuya.

FANYA HIVI NYUMBANI

Utulivu haupatikani kwa kusoma gazeti mara moja. Ni kazi ya mazoezi, kama kulima. Haya ni mambo matatu yanayoweza kufanywa na mtu yeyote, asiyejua kusoma naye.

Asubuhi, kabla ya kutoka, jitayarishe. Marcus Aurelius alijikumbusha kila siku kwamba atakutana na wadaku, wasio na shukrani na wenye kijicho. Nawe ukienda sokoni, jiambie mapema: kutakuwa na kusukumana, mmoja atapunja vipimo, mwingine atanitania. Yakitokea, hayatakukuta umelala.

Mchana, neno likikuchoma, nyamaza kwanza. Usijibu papo hapo, wala usipeleke ujumbe wa simu ukiwa umewaka. Jiulize lile swali moja: Je, hili ni langu? Kama ni lako, lifanye sasa. Kama si lako, rudi kwenye jembe lako. Matusi ya watu yaache yapite. Dua la kuku halimpati mwewe.

Jioni, jihesabu. Seneca aliandika kwamba kila usiku, taa ikisha kuondolewa na mkewe akinyamaza, alikuwa akiipitia siku yake yote bila kujificha: nimekosa wapi, nimeshinda wapi? Sisi tumefundishwa kutafiti dhamiri kabla ya kulala. Tutafiti basi, lakini tusiishie kwenye dhambi tu. Tuyatazame na mashaka yetu, tuyapepete.

Jaribu leo usiku. Chukua shaka moja tu, lile linalokuuma zaidi. Katika shaka hilo tafuta kipande kilicho mikononi mwako, hata kiwe kidogo kama mbegu ya ulezi: kumwendea mwalimu kuzungumza juu ya ada, kumpelekea ndugu yako salamu, kuziba lile tundu la paa. Amua utakifanya kesho saa ngapi. Kipande kilichobaki, kile kikubwa kisichobebeka, kitaje mbele ya Mungu, ukimwachie. Kisha geuka upande wa pili, ulale. Kesho kuna kazi.